Mashine Haina Tatizo, Ni Kitu Kidogo Tu

Simu imeita saa kumi na moja alfajiri. Kwa baridi hii ya Uyole ya mwezi wa saba, ukitoa mkono nje ya blanketi unaurudisha huku unahesabu vidole. "Mwalimu, shikamoo, ile mashine ya kufunga majani kuna mtu wa Sumbawanga analeta hela kesho." Dalali. Wiki ya tatu sasa mtu wa Sumbawanga anakuja kesho. Hata kama angekuwa anatembea kwa miguu angeshafika, akanunua, akarudi.

Shida yangu mimi ni ndogo tu. Nina ng'ombe wanne, na mvua zikishakata, majani ni ya kununua mpaka Novemba. Juzi robota moja, lile ambalo ukilikung'uta nusu ni vumbi, nimeuziwa shilingi 7,000. Nikapiga hesabu za kialimu: mabua ya mahindi yapo, majani ya mpunga kule Mbarali watu wanachoma moto, trekta la shemeji limekaa tu kuku wanalalia. Kinachokosekana ni mashine ya kufungia, ile ya marobota ya pembe nne. Mpya sithubutu hata kuuliza bei. Basi, mtumba.

Mke wangu aliuliza swali moja: "Na ikiharibika?" Sikujibu. Kiinua mgongo ni changu.

Mashine iko Makambako. Nauli yangu, nauli ya fundi, chai ya fundi, supu ya fundi, maana kwa fundi chai na supu haviingiliani. Tunafika, dalali anataka hela ya kuonyesha. Nikamwambia macho ya kuonea nimekuja nayo. Akaniangalia kama mimi ndiye mwanafunzi. Nikatoa.

Nyuma ya nyumba, chini ya mparachichi, ndipo ilipo. Nyekundu, au iliwahi kuwa. "Ilikuwa ya mzungu," dalali ananinong'oneza. Sijui nchi hii tulikuwa na wazungu wangapi, maana kila kitu kibovu kilikuwa cha mzungu. "Alikuwa anaitumia Jumamosi tu."

Nikavaa miwani. Nilikuwa nimesomasoma kidogo, nikaona niwaonyeshe. "Nionyesheni vile vidude vinavyopiga fundo," nikasema, kwa sauti ya mkaguzi wa shule. Roho ya mashine iko hapo: kila robota kamba mbili, kila kamba na fundo lake, na ujanja wa kulipiga ni wa Mmarekani mmoja, John Appleby, tangu miaka ya 1870. Fundo likigoma, kazi yako ni kuzunguka shamba unamwaga majani pale pale ulipoyaokota.

Mwenye mali, mzee mpole mwenye koti refu, akasema, "Kaka, ondoa shaka. Upande wa kulia unafunga vizuri sana."

"Na wa kushoto?"

"Wa kushoto unasaidiwa."

"Unasaidiwa na nani?"

"Kuna kijana anatembea pembeni."

Nikameza mate. Nikauliza bolti ya kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la kuzungushia mashine; bolti ile laini inayotakiwa kukatika mashine ikimeza jiwe, ili vyuma vya maana vipone. Fundi akachungulia, akaanza kucheka peke yake. Wameweka kipande cha nondo. "Zile za mwanzo zilikuwa zinakatikakatika," mzee akaeleza, "lakini hii, tangu tuiweke, haijatusumbua." Kwa heshima ya umri wake nikanyamaza.

Trekta la kujaribia halikuwepo, limeenda msibani. "Tuizungushe kwa mkono," akasema fundi. Tukashika flaiwili, mimi, fundi, na dalali aliyekuwa anasukuma kwa kidole kimoja. Moja, mbili... pistoni ikasogea kidogo, ndani kukasikika kitu kinalalamika. Sio chuma. Kuku! Akatokea kwenye tundu la robota, mabawa yamefumuka, ananitukana mimi binafsi, akanipitia begani. Nikamulika na tochi ya simu: mayai saba, yamepangwa vizuri juu ya majani makavu. Kwa hiyo mashine iliwahi kushika majani. Huo ndio ushahidi pekee niliopata siku hiyo.

Mama mwenye nyumba akatoka jikoni na mwiko. "Mnafanya nini? Zimebaki siku nne aangue!" Biashara ikasimama hapo hapo. Nikaombwa, kwa upole kabisa, kama naweza kurudi wiki ijayo.

"Bei?"

"Milioni nane, maongezi yapo."

Nikauliza, na kuku au bila kuku. Hakuna aliyecheka. Jamani! Nimekula vumbi la chaki miaka 34, niuziwe kiota cha milioni nane, na kijana wa kufunga fundo nimtafute mwenyewe! Halafu hata kamba hakuna. Nimezunguka maduka yote, nimeuliza kamba ya katani. Katani! Inalimwa Tanga tangu 1893, mimi naletewa nailoni ya kufungia mbuzi.

Kurudi, basi likafa Igurusi. Sisemi.

Jirani yangu yeye ana sanduku la mbao. Anajaza majani, anapanda juu, anakanyaga, anafunga kamba. Robota linatoka zuri kuliko la dukani, na ananisalimia akiwa juu huko huko anarukaruka. Simpendi.

Na lile koti langu la heshima liligusa grisi kwenye kiwiko. Mke wangu kalisugua kwa mafuta ya taa. Grisi imetoka, mafuta ya taa yamebaki. Jumapili benchi zima nimekaa peke yangu, mpaka mzee wa kanisa akaniuliza kama nyumbani tumekatiwa umeme. Tumelifua tena kwa sabuni ya unga, wapi. Na hizo pakiti za sabuni siku hizi mmeziona? Unakata kona, kwanza unatoka upepo.