Mwenye Shaka Asikemewe

Jumamosi mbili zilizopita, katika ibada ya jumuiya yetu, mama mmoja mjane aliyemzika mwanawe mwaka huu alisema neno ambalo wengi wetu tunalo moyoni na hatuthubutu kulitoa: kwamba siku hizi akipiga magoti, anajiona kama anazungumza na ukuta. Kabla hajamaliza, mgeni aliyekuja kutuhubiria alisimama na kutangaza kwamba hiyo ni roho ya mashaka, nasi tukaamriwa kunyoosha mikono tuikemee. Tukaikemea. Mimi pia nilinyoosha yangu, na hilo linaniudhi kuliko maneno ya mgeni. Mama yule aliikunja ncha ya kanga yake, akaikunjua, akaikunja tena, mpaka chai ikaletwa na kupoa mbele yake. Jumamosi iliyofuata hakuja.

Najua Yakobo ameandika kwamba mwenye shaka ni kama wimbi la bahari, na sitajifanya mstari huo haumo katika Biblia yangu. Lakini Yuda naye, katika waraka mfupi ambao wahubiri wetu huupita kama daladala inavyopita kituo kisicho na abiria, anaagiza walio na shaka wahurumiwe.

Tena lipo Agizo Kuu lenyewe, lile la Yesu la kwenda kuwafanya mataifa yote kuwa wanafunzi. Mathayo 28:19 tunaijua sote. Imechapwa kwenye fulana za kwaya na mabango ya mikutano ya injili, na hakuna semina ya uinjilisti isiyoanza na “Enendeni”. Mistari miwili tu juu yake imeandikwa kwamba wanafunzi walipomwona Yesu walimsujudia, lakini baadhi yao waliona shaka. Hao ni watu waliokula naye, waliopanda mlima wa Galilaya kwa agizo lake, naye amesimama mbele yao akiwa hai, na bado shaka ikawapata. Hakuwatenga wenye shaka upande mmoja ili waombewe kwanza. Mathayo anasema alikuja kwao, akasema nao, kisha akawatuma wote kwa pamoja. Sijaona fulana yenye mstari wa 17, na nadhani ikishonwa haitanunuliwa, kwa sababu tumekwisha kukubaliana kwamba anayestahili kushuhudia ni yule mwenye spika kubwa asiyekosa jibu la swali lolote, hata la mtoto aliyekufa.

Petro alitutaka tuwe tayari kumjibu kila anayeuliza habari za tumaini lililo ndani yetu, tena kwa upole. Alisema tumaini, na mtu hutumaini kile ambacho bado hajakiona. Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani, alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huohuo akamzika mkewe Rosina pamoja na binti yao mchanga. Mwaka huohuo pia alikuwa akikitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Sidai kwamba alitilia shaka. Nasema tu kwamba Neno lilikuja katika lugha yetu kwa mikono iliyokuwa imeshika udongo wa kaburi, na mgeni wetu angefanya vyema kulikumbuka hilo kabla ya kumkemea mfiwa.

Juzi nilikwenda kwa yule mama. Nilimwamkia, nikamwomba radhi kwa ile mikono yangu, naye akanyamaza kwa muda mrefu akiendelea kuchambua mchele. Aliponiuliza kwa nini Mungu alimchukua mwanawe, nilimjibu kwamba sijui. Kisha akaniomba nimsomee Marko sura ya 9, na nilipofika kwa yule baba anayelia, “Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu”, akasema, “Rudia hapo.” Nikarudia. Wakati wa kuaga akanisihi nisiwaambie wana jumuiya kwamba ameanza tena kuomba, maana bado hajaanza. Alitaka tu kusikia mtu akisoma.