Kuichangia Blantyre huku Jangwani kunajaa maji

Machi 2023, Kimbunga Freddy kilileta kusini mwa Malawi mvua ya miezi sita ndani ya siku sita. Tope na mawe viliporomokea mtaa wa Chilobwe, Blantyre, usiku watu wamelala. Waliofariki nchini humo walizidi 600, na wengine zaidi ya 500 hawakuonekana tena. Ombi la kuchangia maafa ya mbali namna hii likifika mitaani kwetu Dar es Salaam, swali kuhusu bonde letu linalofurika ni lile lile: "Na wa Jangwani je?"

Swali hilo silipuuzi. Desemba 2011 mafuriko yaliua zaidi ya watu 40 jijini, na waathirika wengi wa bondeni wakahamishiwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Mtu anayeanika godoro lililoloa tope ana haki ya kuuliza yeye anachangiwa lini. Kuna na suala la uaminifu. Baada ya tetemeko la Kagera la Septemba 2016, waliotoa wakitarajia nyumba za watu zijengwe walisikia baadaye kwamba fedha zinakarabati shule na majengo ya umma. Shule ni hoja nzito, lakini mchangiaji alistahili kuambiwa kabla hajatoa.

Hata hivyo siamini kwamba shilingi 2,000 ya Blantyre inatoka mfukoni mwa Jangwani. Daftari la michango likipita, wanaoandika majina ni wale wale waliombebea jirani godoro maji yalipoingia. Na Wamalawi si wageni kwetu: sehemu ya shehena zao hupita bandari yetu, na wafanyabiashara wao tunapigana nao vikumbo Kariakoo wakifungasha mizigo. Tunakula kwao mwaka mzima.

Ninachokibishia ni namna tunavyotoa. Nimewahi kufungua gunia la michango nikakuta koti zito la baridi na kiatu cha kisigino kirefu kisicho na mwenzake. Kutoka hapa hadi Blantyre kupitia mpaka wa Kasumulu ni zaidi ya kilomita 1,500. Nauli ya gunia hilo ingenunua unga kule kule. Tena Freddy aliikuta Malawi ina kipindupindu, watu wanahitaji maji salama. Tutoe fedha, zipitie Msalaba Mwekundu wa Malawi, risiti ibandikwe ofisi ya serikali ya mtaa kila mtu aisome. Na daftari lile lile litengewe ukurasa wa pili, wa Jangwani, uanze kujazwa kabla ya masika.