Mafundi wa Kwenye Kitabu

Jamani, wale mafundi wa kwenye vitabu vya hesabu wanapatikana wapi? Anayewajua anielekeze, hata wawe huko Masisi nitawafuata kwa mguu. Kijana wangu kaja na zoezi: mafundi 6 wanajenga ukuta kwa siku 12, mafundi 9 wataujenga kwa siku ngapi? Humo ndani hakuna fundi anayefiwa. Hakuna anayeomba avansi Jumatatu akaonekana tena Alhamisi. Simenti haiishi, mvua hainyeshi, na wote 9 wanakwenda mwendo mmoja kama miguu ya jongoo.

Kijana akaandika 18. Amepiga hesabu ya sukari: kilo zikiongezeka na bei inaongezeka, basi mafundi wakiongezeka na siku ziongezeke. Mwalimu kapitisha kalamu nyekundu. Mimi nikamtetea mtoto, maana kwangu hapa Ndosho, mtaa wa Goma, jibu ni 18 kabisa! Ukuta wangu wa mawe ya volkano ulikuwa unapanda vizuri na mafundi wachache. Nikaongeza wengine ili niwahi mvua. Wapya wakaanza kwa kukagua kazi ya wenzao, wakatangaza kwamba msingi umepinda. Wa zamani wakanuna. Kesho yake kundi moja linabomoa, lingine linajenga, na wote wanadai chai.

"Papa," kijana akaniambia, "huo ni ukuta wako. Hili ni zoezi."

Haya. Njia yenyewe, tuseme haki, ni fupi. Unajiuliza: kimoja kikipanda mara mbili, kingine kinashuka hadi nusu? Kama ndivyo, ni uwiano kinyume, nawe unaanza kwa kuzidisha: 6 mara 12, 72. Hiyo wanaiita K, na haibadiliki. Igawanye kwa 9, unapata siku 8. Wala K si uchawi, ni ukubwa wa kazi, yaani siku ambazo fundi mmoja angehangaika peke yake mpaka amalize. Kwangu K inapanda kila chai inapomiminwa, lakini hilo kitabuni hawaliandiki.

Zoezi la meli ya kwenda Bukavu nalikubali. Ikienda kilomita 20 kwa saa inatumia saa 5, ikienda 25 inatumia saa 4, kwa sababu K ya zoezi ni kilomita 100 za maji, na Ziwa Kivu halirefuki eti nahodha ana haraka. Muda wa kugombania mizigo bandarini wameuruka tu.

Lililoleta kasheshe ni la unga. Gunia la unga wa mihogo linawatosha watu 6 kwa siku 20. Wakija wageni 4, litadumu siku ngapi? Dada yake mdogo akaropoka 16, katoa 4 kwenye 20. Kijana akamcheka, akazidisha vizuri, 120, halafu huyo, anagawanya kwa 4! Nikamshika mkono. Wageni wamekuja, sawa, lakini sisi tumehama? Walaji ni 10, siku ni 12. Mtego wa zoezi uko hapo, na mwalimu ameuweka makusudi.

Sasa mdogo wangu wa Bukavu yupo kwetu tangu Pasaka, na mke wake na watoto wawili. Mama watoto alikuwa pembeni anachambua sombe, majani ya mihogo, kimya, nikadhani hesabu haimhusu.

"Na kama mgeni mmoja anakula sehemu ya watu watatu?" akauliza, macho kwenye majani.

Kijana hakusita. "Sisi 6, wale wengine 3, na yeye 3. Jumla 12. Siku 10, mama."

Mdogo wangu akasogeza kiti, akalivuta daftari, akakagua mstari kwa mstari. Akasema mtoto huyu ana akili sana, atafika mbali. Kisha akauliza kama fufu imeiva.