Nani aruhusiwe kubadili maana ya alama ya kujumlisha?

Chukua programu ya duka inayoandikwa kwa Java, mojawapo ya lugha za kuandikia programu. Kazi yake ni ndogo: bei izidishwe kwa idadi, kisha nauli ya mzigo ijumlishwe. Aina ya double, ile ya kawaida ya namba zenye desimali, haifai kwa fedha, maana humo 0.1 + 0.2 hutoa 0.30000000000000004. Kwa hiyo mwandishi anakimbilia klasi (aina ya data yenye kazi zake) ya BigDecimal, inayotunza desimali kama zilivyoandikwa, na hapo opereta zote za hesabu, yaani alama kama + na *, zinamwishia mkononi. Badala ya nauli + bei * idadi analazimika kuita methodi, yaani kazi za klasi zinazoitwa kwa jina:

nauli.add(bei.multiply(idadi))

Siku ana haraka, ataandika hivi:

nauli.add(bei).multiply(idadi)

Nauli ikiwa 5,000, bei 12,000 na idadi 3, mstari wa kwanza unatoa 41,000 na wa pili 51,000. Mteja amelipishwa nauli mara tatu na kompaila, programu inayokagua na kutafsiri msimbo, haikunung'unika hata kidogo. MAGAZIJUTO tuliyokariri shuleni haina kazi hapa, kwa sababu methodi zilizoungwa kwa nukta hutekelezwa moja baada ya nyingine, kushoto kwenda kulia. Kwa Python, klasi ya Decimal imezifundisha alama za + na * namna ya kuhesabu fedha, na fomula inabaki kama ilivyo kwenye daftari.

Watetezi wa kuruhusu klasi kuzipa opereta maana zake wana hoja nzito hapo. Hata hivyo James Gosling, aliyeiunda Java iliyotoka Sun Microsystems mwaka 1995, aliikataa ruhusa hiyo kwa makusudi, baada ya kuona jinsi watu walivyoitumia vibaya kwenye C++. Hakukosea kuogopa. Katika C, alama ya << husogeza biti kwenda kushoto; C++ ikaichukua pia kwa kuandika kwenye skrini. Maana ikabadilika, lakini nafasi ya alama katika mpangilio wa utekelezaji haikubadilika. Matokeo yake, ukiandika

cout << amefaulu ? "ndiyo" : "hapana";

na amefaulu ni kweli, skrini inaonyesha 1. Neno "ndiyo" halionekani kabisa, kwa kuwa << imefanya kazi kabla ya alama ya kuuliza, ambayo ndiyo ingechagua kati ya maneno hayo mawili. Kuna baya zaidi: klasi ya C++ ikizipa && ("na") na || ("au") maana yake yenyewe, zinapoteza desturi ya kuishia upande wa kushoto pale jibu linapokuwa limeshajulikana. Msomaji wa msimbo hana namna ya kulijua hilo kwa kuutazama mstari peke yake.

Ila nikiipima Java kwa kipimo chake yenyewe, naona ilijipendelea. Iliwanyima wengine ruhusa, ikajipa yenyewe: + ya String (aina ya maandishi) huunganisha maneno, hivyo 1 + 2 + "kg" ni "3kg", lakini "kg" + 1 + 2 ni "kg12". Kisha kuna ==, alama ya kuuliza kama vitu viwili ni sawa, ambayo kwa maoni yangu ndiyo opereta iliyowaumiza wanagenzi wa Java kuliko zote. Kwenye obijekti, yaani kitu kilichoundwa kutokana na klasi, haiulizi kama thamani zinalingana. Inauliza kama ni obijekti ileile moja. Tangaza Integer (namba kamili iliyo obijekti) a = 127 na Integer b = 127, a == b ni kweli. Weka 128 badala yake, na katika mipangilio ya kawaida ni uongo, kwa sababu Java huhifadhi tayari obijekti za namba kuanzia -128 hadi 127 na kuzirudia. Kwa 128 hiyohiyo, a <= b ni kweli na a >= b ni kweli, huku a == b ikikataa! Majaribio ya namba ndogondogo yatapita yote, kisha hitilafu isubiri namba zikue.

Kotlin, lugha nyingine inayoendeshwa juu ya mtambo uleule wa Java, ilishika njia ya kati. == inalinganisha thamani kupitia methodi ya equals, na anayetaka kujua kama ni obijekti ileile anaandika ===. Klasi inaweza kuzipa opereta zilizopo maana, ila hairuhusiwi kubuni alama mpya. Naipenda zaidi njia hii kuliko ya Java.

Lakini nayo ina shimo lake, na limo kwenye fedha zilezile. Java ukigawanya BigDecimal ya 10 kwa 3 kwa divide bila kutaja namna ya kukadiria, programu inatupa kosa na kusimama: desimali hazina mwisho, sema unataka zikatwe wapi. Kotlin ukiandika / kati ya BigDecimal hizohizo, inakadiria kimyakimya kwa kufuata idadi ya desimali za namba ya kushoto. Kumi kwa tatu inakuwa 3. Moja kwa tatu inakuwa 0.

Kwa hiyo ningekuwa napitia msimbo wa malipo wa timu, +, - na * za BigDecimal ningezipitisha bila neno. Kila / ningeirudisha kwa mwandishi, aandike divide na ataje mwenyewe idadi ya desimali na namna ya kukadiria.