Rada juu ya tangi: imesema, lakini imemwambia nani?

Juu ya tangi la mafuta, upande wa Shimanzi hapa Mombasa, ikifika saa nne asubuhi chuma kishapata moto wa kupenya soli ya kiatu. Niliwahi kupandishwa huko na ndugu mmoja wa kazi hizo, nikaona kinachofanyika mzigo unapobadili mmiliki. Watu watatu walikuwa wamezunguka kifuniko kilicho wazi: mpimaji wa bohari, mtu wa upande wa mnunuzi, na mkaguzi asiye wa huku wala kule. Wakateremsha tepu ya chuma yenye timazi ya shaba, imepakwa dawa inayobadilika rangi ikiguswa na petroli. Ikavutwa juu, vichwa vitatu vikainama kwenye alama moja, kila mmoja akaisoma kwa sauti: mita 7, sentimita 42, milimita 3. Ndipo ikaandikwa.

Hatua mbili kutoka hapo, juu ya bomba lake, kilikaa chombo cha rada, kinachopima kina cha mafuta kwa mwangwi wa mawimbi ya redio, si kikubwa kuliko sufuria ya wali wa watu kumi. Chenyewe kilikuwa kishapeleka hesabu yake ofisini kabla tepu haijalowa. Kijana mmoja akashindwa kuvumilia. "Ami, mbona twajichosha, na rada ishasema?"

Mzee wa tepu hakuinua kichwa. "Imesema, sawa. Imemwambia nani?"

Nimekaa na swali hilo muda sasa, kwa kuwa vipimo vya namna hii vinazidi kuingia kwenye maisha ya mji kama wetu, kuanzia mafuta na nafaka mpaka bahari na barabara. Wapo wanaoshangilia kila kifaa kipya, na wapo wanaonusa wizi kila penye skrini. Naona wote wana sehemu ya haki, ingawa si sawasawa.

Kwanza tuiondolee rada sare ya jeshi. Mjerumani Christian Hülsmeyer alionyesha kifaa chake mwaka 1904 kule Cologne, kando ya mto Rhine, na kazi yake ilikuwa kutambua meli kwenye ukungu zisigongane. Wakati huo hakupata wanunuzi. Vita ndivyo vilivyoirudisha: 1940, John Randall na Harry Boot wa Chuo Kikuu cha Birmingham walitengeneza magnetroni iliyotoa kwa nguvu mawimbi mafupi ya urefu wa sentimita kumi hivi. Wimbi likiwa fupi, antena ndogo inatosha kulielekeza mahali pembamba kama tochi. Kutoka hapo zikaja rada za meli tuzionazo zikizunguka juu ya vyombo viingiavyo Kilindini, jiko la maikrowevu, na katika miaka ya 1970, kampuni ya Saab ya Uswidi ikaanza kuyaingiza mawimbi hayo ndani ya matangi ya meli za mafuta.

Utendaji wake ni rahisi kueleza na mgumu kutengeneza. Wimbi husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde. Mafuta yakiwa mita 10 chini ya antena, kwenda na kurudi huchukua sehemu 67 za bilioni ya sekunde, na kutambua milimita moja kwa kuhesabu muda huo moja kwa moja kunahitaji saa ya ajabu. Kwa hiyo wavumbuzi wakapita njia ya nyuma. Fikiria umesimama mbele ya ukuta wa Fort Jesus ukiimba sauti inayopanda bila kukatika. Mwangwi ukikurudia huwa ni wa sauti uliyoitoa kitambo kidogo, kwa hiyo uko chini ya ile unayoiimba sasa. Kadiri ukuta ulivyo mbali, ndivyo pengo la sauti mbili linavyokuwa kubwa. Rada za matangi nyingi hupima pengo hilo, na zile bora huahidi kukosea kwa nusu milimita tu.

Nusu milimita si maringo. Tangi lenye kipenyo cha mita 40, milimita moja ndani yake ni lita 1,257. Mkono ukitetemeka kidogo kwenye tepu, tayari kuna mtu kapata au kapoteza mafuta ya matatu kadhaa.

Na wanaoitetea rada wana hoja nzito kuliko hiyo. Kupanda tangi, kufungua kifuniko na kuinamia mvuke wa petroli ni kazi ya hatari. Tangi likitoka kujazwa, utaratibu ni kusubiri nusu saa kabla ya kuteremsha chochote cha chuma, umeme tuli utulie, cheche isiruke. Usiku hakuna anayepanda, lakini rada haifungi macho. Kiwango kikishuka milimita mbili bila mtu kufungua bomba, kengele italia. Halafu mtu hununulika. Sijawahi kusikia rada imepewa chai.

Mfano unaotajwa sana ni Buncefield, Uingereza, tarehe 11 Desemba 2005. Petroli iliendelea kusukumwa ndani ya tangi lililojaa kwa sababu kipimo chake kilikuwa kimekwama. Skrini ilionyesha kiwango kile kile huku mafuta yakipanda, na swichi ya mwisho ya kuzuia kufurika nayo haikufanya kazi. Mlipuko ukaja asubuhi mapema, watu 43 wakajeruhiwa. Kipimo kile kilikuwa cha kimakanika, cha kuning'iniza kitu kwenye waya. Rada haina waya wa kukwama, kwa hiyo mtetezi wa rada huhesabu hii kuwa bao lake. Mimi naiona imekata kuwili: wale watu waliiamini skrini.

Kuhusu hofu ya mionzi, nitapita haraka. Rada ya tangi hutoa nguvu chini ya sehemu moja ya elfu ya wati, kidogo sana ukilinganisha na simu iliyo mfukoni mwako, tena imefungiwa ndani ya chuma. Haihusiani na mashine za eksirei za kukagulia makontena bandarini, ambazo watu huzichanganya nayo.

Shaka yangu iko kwingine. Rada haipimi mafuta. Inapima umbali kutoka ilipo mpaka kitu cha kwanza kinachorudisha mwangwi wa kutosha, na petroli si hodari wa kurudisha: takriban asilimia 3 tu ya nguvu iliyotumwa ndiyo hugeuka, iliyobaki huzama ndani. Maji hurudisha zaidi ya nusu. Ndiyo maana matone ya unyevu yakikusanyika kwenye antena, jambo la kawaida kwa hewa yetu hii, yanaweza kupiga kelele kuliko mafuta yenyewe. Juu ya hilo, tangi likijaa kuta zake hutanuka na paa husogea, na rada iliyofungwa kwenye paa husogea nalo.

Kisha yaja joto. Petroli hutanuka kwa asilimia 0.12 hivi kwa kila nyuzi moja. Tangi letu la mita 40, likiwa na mita 7.42, lina lita kama milioni 9.3. Kosea joto la mafuta kwa nyuzi moja tu, hesabu yako imeyumba kwa zaidi ya lita 11,000, sawa na milimita 9 za kina. Yaani chombo kinachojivunia nusu milimita kinaweza kubebeshwa kosa la milimita 9 na kipimajoto cha jirani. Baina ya mwangwi na ankara kuna jedwali la tangi la kugeuza kina kuwa lita, joto, uzito, na namba ambazo mtu fulani alizichapa siku fulani. Hapo ndipo rafiki yangu wa tepu anapouliza imemwambia nani.

Nenda Marikiti ukanunue kilo ya iliki. Mizani iko mbele yako, ina muhuri wa mkaguzi wa vipimo, na ukishuku unaomba ipimwe upya. Sheria ya Vipimo na Mizani ya Kenya, Sura 513, imejengwa juu ya wazo hilo, kwamba mnunuzi ana macho. Na dunia nayo haikukaa kimya: shirika la kimataifa la vipimo vya kisheria lina pendekezo lake, R 85, la vipimaji kina vya matangi. Lakini muhuri unagongwa kwenye chuma. Programu ikibadilishwa kutoka mbali usiku, muhuri bado unang'aa pale pale.

Bahari inalionyesha jambo hili vizuri zaidi kuliko mafuta. Kituo cha Mombasa cha kupima kupwa na kujaa kimo katika GLOSS, mtandao wa dunia wa vituo vya kupima kimo cha bahari, ulioanzishwa 1985 chini ya tume ya bahari ya UNESCO. Zamani vituo kama hivyo vilitumia kiboya ndani ya bomba, na vijidudu vya baharini vikaziba matundu. Rada huning'inia juu ya maji bila kuyagusa, ndiyo maana vingi vimehamia huko. Kwa bamvua na maji mafu haina mpinzani. Kwa swali kubwa la kupanda kwa bahari, hadithi ni nyingine. Bahari za dunia zimekuwa zikipanda kwa milimita 3 au 4 kwa mwaka tangu miaka ya 1990. Mkono wa chuma unaoishikilia rada ukiinama sentimita 2 kwa kutu, na chumvi ya huku tunaijua, chombo kitaripoti kwamba bahari imepanda kwa kiasi cha miaka mitano au zaidi. Anayeugundua uwongo huo ni mpima ardhi, anayekuja na darubini yake kulinganisha chombo na alama iliyochimbiwa kwenye mwamba wa nchi kavu. Tena ni mtu, tena ni shahidi.

Na upande wa chini kabisa yupo mvuvi. Ngalawa ya mbao kwenye rada ya meli ni karibu hewa tupu, hasa bahari ikichafuka. Dawa yake ni vipande vitatu vya bati vilivyounganishwa kwa pembe mraba, vinavyorudisha wimbi kule kule lilikotoka. Fundi yeyote wa mabati anaviunda.

Polisi wa barabarani nao wana rada zao, ingawa vifaa vingine vya sasa hutumia leza badala yake. Robert Watson-Watt, mmoja wa baba wa rada ya Uingereza, alinaswa nayo Kanada miaka ya 1950 kwa mwendo wa kasi. Kinachonifurahisha ni kwamba rada ikielekezwa kwa pembe husoma kasi ndogo kuliko iliyopo, yaani kosa hilo humfaa dereva. Madereva wetu hawaambiwi hata hilo la kuwafaa.

Kwa hiyo niko wapi? Tepu pekee haitoshi, na anayetaka turudi huko hajawahi kupanda tangi. Ila rada iingie na shahidi wake. Pande zote mbili zipewe mwangwi wenyewe ulivyorudi, joto lililotumika na tarehe ya mwisho namba zilipoguswa. Hili si ndoto ya gharama: haki ya hataza, ile ya mvumbuzi kuzuia wengine wasiige kazi yake, hudumu miaka 20 na hushika tu katika nchi ilikosajiliwa, kwa hiyo uvumbuzi mwingi wa msingi wa rada hizi uko wazi kwa yeyote, hata kwa wanafunzi wa ufundi pale Tudor wakitaka kuunda kifaa cha kuhakikia vifaa vya wengine.

Siku ile, tepu na rada zilipishana milimita 4, lita kama 5,000. Mtu wa mnunuzi akakunja uso. Tepu ikateremshwa tena, polepole, timazi ikaachwa itulie, na safari hii ikaja milimita 1 tu mbali na rada. Mzee hakuona haya. Alifuta dawa kwa kitambaa, akaomba karatasi ya joto kutoka ofisini na akakataa kutia saini mpaka iletwe. Kisha akaniambia nitangulie kushuka, na nishike upande wa kulia, wa kushoto ngazi imeliwa na kutu.