Michirizi Isiyosikia Maji

Katika kazi ya kusafisha filamu nyeusi na nyeupe nyumbani, hakuna linalonikera kama kuinua negativi, yaani filamu iliyokwisha kusafishwa, kwenye mwanga na kukuta anga iliyopaswa kuwa laini imechorwa michirizi inayoanzia kwenye kila tundu la pembeni mwa filamu.

Ushauri wa kwanza ninaopewa daima ni kwamba maji yangu yana chumvi nyingi. Lakini alama za maji ya namna hiyo huonekana juu ya filamu ukiiinamisha kando ya taa, na aghalabu huondoka ukiiosha upya. Michirizi yangu imo ndani ya picha yenyewe, wala haitoki hata kwa maombi.

Chanzo chake mara nyingi ni mtikiso. Ukilitikisa tangi lenye filamu na dawa ya kusafishia kwa nguvu na kwa mwendo uleule, dawa hupita kasi kwenye matundu na kuzisafisha kupita kiasi sehemu zilizo jirani nayo. Ukiliacha limetulia mno, bromaidi, kemikali inayotoka kwenye sehemu zilizopata mwanga mwingi, huteremka na kuizuia dawa kufanya kazi chini yake. Yaani nitikise, ila nisitikise!

Sasa ninalipindua tangi polepole, sekunde 10 kwa kila dakika, nikilizungusha kidogo kila mara, na nimeongeza dawa hadi ifunike filamu yote, jambo ambalo, nakiri, nilikuwa nikilifanyia ubahili. Filamu ya mwisho imetoka na mchirizi mmoja tu, nao umepita katikati ya uso wa mtu.