Tofauti za Matokeo ya Dibaga: Zipi Zifutwe, Zipi Ziachwe

Katika vikundi vya waandishi wa programu hapa Mombasa ni nadra wote kutumia mashine za aina moja: mmoja ana kipakatalishi cha Windows alichokinunua mtumba, mwengine anatumia Linux, na wa tatu ana Mac. Kikundi kama hicho kikitengeneza zana inayosoma maandishi yanayochapwa na dibaga, yaani programu ya kusaka hitilafu, mzozo haukawii. Jaribio linalopita kwenye Linux huanguka kwenye Windows ilhali msimbo hauna kosa lolote. Wako wanaosema matokeo yachujwe mpaka yafanane kila mahali, na wako wanaotaka kila mfumo uwe na matokeo yake yanayotarajiwa.

Hoja ya wanaochuja ina uzito, kwa kuwa tofauti nyingi hazina maana yoyote kwa programu inayochunguzwa. Kielekezi kitupu, yaani anwani ya kumbukumbu isiyoelekeza popote, huchapwa na maktaba ya lugha ya C ya Linux kama neno nil ndani ya mabano, kwenye macOS hutoka 0x0, na maktaba ya Microsoft, kwa programu za biti 64, hutoa sifuri 16 mfululizo. Dibaga za Microsoft, WinDbg na cdb, hugawa anwani ya biti 64 katikati kwa alama ndogo ya `. Njia za faili za Windows hutumia mkwaju wa nyuma (\), na mistari ya maandishi yake kwa desturi huishia kwa alama mbili badala ya moja. Zaidi ya hayo, mifumo ya leo hupanga anwani za kumbukumbu kwa kubahatisha kwa ajili ya usalama, kwa hiyo hata mashine moja yaweza kutoa anwani tofauti kila programu inapoendeshwa. Kulinganisha vitu hivyo herufi kwa herufi ni kazi bure.

Hata hivyo, kichujio hakijui kipi ni pambo na kipi ni ukweli. Aina ya namba iitwayo long ina baiti 4 kwenye Windows ya biti 64, na baiti 8 kwenye Linux na macOS. Sisi tulikuwa na programu ya mfano iliyokokotoa muda ambao kasha limekaa bandarini Kilindini, na wakati ulihesabiwa kwa milisekunde tangu mwaka 1970. Hesabu hiyo imekwisha kupita trilioni moja, na namba ya baiti 4 inayoweza kuwa chanya au hasi haivuki 2,147,483,647. Dibaga ilituonyesha waziwazi kwamba thamani ya Windows imekatwa, lakini kichujio chetu kilikuwa kimegeuza kila namba kuwa nyota, na jaribio likapita. Hilo bado linanisikitisha, kwa sababu chombo kilisema kweli nasi ndio tuliokinyamazisha.

Matokeo ya kila mfumo peke yake yangetuokoa. Majaribio ya kompaila ya lugha ya Rust hufuata njia hiyo: faili moja la jaribio huweza kubeba mistari tofauti ya kuhakiki dibaga tatu: GDB, LLDB na cdb. Gharama yake ni kwamba kila badiliko hudai kuhakikiwa mara tatu, na asiye na Mac hushawishika kunakili matokeo mapya bila kuyasoma, jambo ambalo kwa maoni yangu ni baya kuliko kukosa jaribio kabisa.

Wengine hupendekeza kuacha maandishi ya binadamu na kutumia lugha ya mashine, kama kiolesura cha MI cha GDB au itifaki ya dibaga iliyoanzishwa na Microsoft. Ni ushauri mzuri, na ningeanza na huo, ila haumalizi kazi: katika itifaki hiyo thamani ya kigeu, yaani jina linalohifadhi thamani ndani ya programu, bado huja kama maandishi, na muundo wa ndani wa mfuatano wa herufi wa lugha ya C++ hutofautiana baina ya maktaba inayotumika kwa kawaida kwenye Linux na ile ya macOS.

Kwa hiyo naegemea upande wa matokeo tofauti, nikikubali vichujio vichache vyenye mipaka: anwani, mikwaju, na miisho ya mistari. Kila kichujio kiandikiwe sababu yake kando ya msimbo, na kisiguse kamwe ukubwa wa aina wala thamani ya kigeu.